Ufunguo Uko kwa Nani?

Mwezi jana nilikwenda kufundisha huduma ya kwanza katika jengo moja la ofisi hapa Kampala. Karibu na lifti kuna kabati lenye mashine ya kushtua moyo. Nikafurahi, nikaomba nifunguliwe. Askari wa mlangoni akaniambia ufunguo anao meneja, na meneja yuko Mbarara. Ulipopatikana ufunguo wa akiba, taa ya mashine ilikuwa nyekundu: betri imekufa, na vibandiko vya kifuani vimepitwa na tarehe.

Liliniuma sana. Mtu akianguka ghafla kwa shida ya moyo, mara nyingi moyo wake unatetemeka ovyo badala ya kupiga, na umeme wa mashine ndio unaoukomesha mtetemo huo ili mapigo yarudi. Kila dakika inayopita bila kifua kubonyezwa wala moyo kushtuliwa, uwezekano wa kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa hesabu dakika za kumtafuta meneja. Eriksen, mchezaji soka wa Denmark, alipoanguka uwanjani mwaka 2021, watu walibonyeza kifua palepale na mashine ilikuwa karibu. Leo yu hai.

Wengi huogopa mashine itaua. Haiui. Inapima mapigo kwanza, na isipoona haja haitoi umeme. Kazi yako ni kukausha jasho kifuani, kubandika na kusikiliza inachosema.

Ila kwenye foleni ya malori mpakani Malaba, ambako pia hufundisha, mashine hakuna. Pale tunaanza na mikono. Dereva akianguka, haitiki, na anakoroma kwa kukatakata, watu husema ni kifafa: wanamwagia maji, wanamtia kijiko mdomoni. Mkoromo ule si kupumua! Kisha wanampakia kwenye boda, na njia nzima hakuna anayebonyeza kifua. Piga simu, tuma mtu atafute gari, lakini wewe anza kubonyeza hapohapo chini.

Mwanafunzi wangu bora pale alikuwa mama muuza chapati. Mikono iliyozoea kukanda unga! Alinyoosha viwiko, akashuka kwa uzito wa mwili mzima, na sanamu ya mazoezi ikalia ta! ta! Akashtuka.

“Mwalimu, nimeivunja?”

“Hapana, mama. Mlio huo unakwambia umefika.”

Kufika ni sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kiinuke kila mara. Inachosha, kwa hiyo mpokezane kila dakika 2.

Kule kwenye jengo, kufuli limeondolewa. Betri mpya imewekwa, na askari anapoingia zamu huandika rangi ya taa kwenye daftari la wageni. Juzi nilipita nikalifungua: kijani, kijani, kijani, mpaka asubuhi ile.