tcpdump kukaa kimya si ushahidi

"Mteja wa Mbarara hajafika kwetu, tcpdump haioni kitu." Kauli hii naisikia sana kwa mafundi wenzangu hapa Kampala wanaotumia tcpdump, programu ya kunasa pakiti (vipande vya data) zinazopita mtandaoni, na mara nyingi si kweli.

Tuseme mbele ya seva zenu tatu kuna kisawazisha mzigo (load balancer), kinachozigawia kazi za wateja. Kama kinapokea muunganisho wa mteja kisha kufungua wake kuelekea seva, pakiti zinafika na anwani ya kisawazisha, si ya mteja. Ukichuja kwa IP (anwani ya mtandao) ya mteja wa Mbarara utakesha ukitazama skrini tupu. Kwenye HTTP, IP halisi huwa ndani ya X-Forwarded-For, kichwa kinachoambatana na ombi, iwapo kisawazisha kimeagizwa kuiweka. Tena kila ombi huenda kwa seva moja tu: wewe unanasa kwenye ya kwanza, mteja kapelekwa ya tatu.

Nasa kwenye kisawazisha, pande zote mbili, na kwenye seva zote kwa pamoja, saa zikiwa zimelinganishwa kwa NTP, itifaki ya kusawazisha saa za kompyuta (usiku mzima ulinipotea kwa tofauti ya dakika 4). Na msiisingizie iptables ya seva, yaani kichujio chake cha pakiti: kwenye Linux, tcpdump huiona pakiti inayoingia kabla iptables haijaitupa.