Usisubiri ganzi iishe

Vidonge vilikuwa vinne, vimefungwa kwenye pindo la khanga. Binti wa mgonjwa alinifungulia lile fundo saa nane na nusu usiku, mama yake kashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. "Dokta, tangu mchana alikuwa haumwi. Nikasema nisimpe dawa bure, nimtunzie mpaka maumivu yaje."

Maneno haya nimeyasikia mno hapa Mwanza, tena si kwa ndugu wa wagonjwa peke yao. Yupo daktari mwenzangu anayeandika kwenye faili "apewe akilalamika". Nimechoka nayo.

Mama huyu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Alibadilishiwa goti saa tatu asubuhi kwa ganzi ya mgongo, na saa nane mchana alikuwa ameshaanza kuchezesha vidole. Kilichomwezesha kula ugali wake jioni akicheka na jirani wa kitanda ni sindano ya pili, niliyomchoma katikati ya paja. Kwenye ultrasaundi unaiona ateri ikidunda chini ya msuli wa satoria. Unaifikisha ncha ya sindano pembeni yake, unasukuma bupivakaini, dawa ya ganzi, mililita 20, na dawa inatanda nyeusi kuizunguka. Hapo ndipo inapopita neva ya safena, mshipa wa fahamu unaopeleka habari za goti. Goti linapata ganzi mbele na upande wa ndani. Nyuma haifiki vya kutosha, kwa hiyo mgonjwa akikwambia nyuma panavuta, mwamini.

Na mguu haupoozi. Zamani tulizoea kuchoma neva ya femorali kwenye kinena: maumivu yanatulia sana, ila msuli wa mbele ya paja unalegea, mtu akisimama goti linakunjika, anaanguka. Ukichoma chini zaidi, kwenye mfereji wa paja, ile njia wanamopita ateri na neva ya safena, msuli unabaki na nguvu zake nyingi.

Turudi kwenye vile vidonge. Mfupa umekatwa, nyama imeshonwa, na uvimbe unaendelea kujaa kimyakimya kwa sababu habari haifiki kwenye ubongo. Sindano moja hushika kama saa 12 hadi 24, na ikiondoka haiagi. Ya mama huyu iliachia usiku wa manane, muuguzi wa zamu mmoja kwa wodi nzima, na kwenye damu ya mgonjwa hakuna hata parasetamo. Ukimpa kidonge saa hiyo, utasubiri nusu saa au zaidi kianze kazi, na peke yake hakitoshi tena. Inabidi morfini, na morfini huleta kichefuchefu, na mwenye kichefuchefu asubuhi hasimami kufanya mazoezi. Ndiyo maana tunaandika parasetamo gramu 1, yaani vidonge viwili, kila baada ya saa sita, pamoja na dawa ya uvimbe kama figo na tumbo vinaruhusu, aumwe asiumwe. Dozi ya saa sita usiku ingeikuta ganzi ikiondoka. Dozi hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye khanga.

Vitabu huuchora ule mfereji kama bomba lenye mlango. Kwenye paja nene mimi si kila mara nina hakika kama nimo ndani yake au nimepanda juu kidogo, na dawa ikipanda, msuli unalegea. Kwa hiyo mgonjwa wangu hasimami mara ya kwanza bila kushikwa, hata akiniapia kwamba mguu una nguvu. Wala simwahidi mtu kwamba kwa sindano hii atatembea vizuri zaidi baada ya miezi mitatu. Inampa siku ya kwanza, pengine na ya pili.

Nilimpa vidonge viwili palepale, na morfini kidogokidogo kwenye mshipa. Kwenye saa kumi alfajiri aliachia kile chuma, akalala. Binti akanyoosha kiganja chenye viwili vilivyobaki.

"Na hivi, Dokta?"

"Saa mbili na nusu asubuhi. Hata akikwambia haumwi."

Akaomba kalamu, akaandika saa hiyo mkononi mwake.