Kampuni isipovunjwa, kesi imekwenda bure?
Wengi huamini kwamba kesi ya ukiritimba dhidi ya kampuni kubwa ya teknolojia ikiisha bila kampuni kuvunjwa, basi imekwenda bure. Si ajabu, maana habari hukazia mgawanyo. Lakini nchini Marekani, kesi iliyofunguliwa mwaka 1949 dhidi ya kampuni kuu ya simu iliisha mwaka 1956 bila kuivunja. Ilichotakiwa ni kuwaruhusu wengine watumie hataza zake zilizokuwapo (haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi), zikiwamo za transista, kifaa kidogo cha kielektroniki, bila malipo. Hilo si jambo dogo hata kidogo! Mgawanyo ulikuja mwaka 1984, kwa kesi nyingine.

Ukisikia hukumu, tafuta nakala yake. Usiishie kwenye nani kashinda. Soma amri zilizotolewa, kisha angalia kama kuna rufaa.