Kuhesabu kwa giza: riziki ya kina mama na vijana wa mialo ya Kigoma

Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, na katika siku hizo wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huingia ziwani kwa siku 20 hivi. Siku zinazobaki ni za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola, na mwezi unapokuwa mpevu nuru yake husambaa juu ya maji yote, taa ikakosa nguvu ya kuwakusanya samaki mahali pamoja. Ndiyo maana mitumbwi ya Katonga na Kibirizi, mialo ya Kigoma ambako samaki hushushwa na kuuzwa, huvutwa ufukweni, nyavu zikatengenezwa, na mama anayeishi kwa kununua dagaa wabichi na kuwaanika akakaa bila kazi hadi giza, yaani zile siku 20 hivi za uvuvi, lirudi.

Ninaanza na jambo hili, ambalo mtoto yeyote wa mwaloni analijua, kwa sababu sisi tunaofundisha vikundi vya kina mama na vijana mara nyingi tumelipuuza. Tumezoea kuuliza mtu anapata shilingi ngapi kazi inapokuwa nzuri. Kwa maoni yangu swali la kwanza linapaswa kuwa lingine: familia hii inakula nini siku ambazo mitumbwi haiendi ziwani, na fedha hiyo inatoka wapi? Riziki endelevu hupimwa katika siku hizo. Mtu anayepata faida kubwa wakati wa giza na kukopa kwa riba wakati wa mbalamwezi hajasonga mbele, hata kama mauzo yake yanaonekana makubwa.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2024, Tanzania ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa kufuata makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Lengo ni kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua. Ni haki pia kusema kwamba upungufu wa samaki hauna chanzo kimoja. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na virutubisho vyake vingi viko chini. Huinuliwa na upepo wa kusi unaovuma katika majira ya kiangazi na kuyachanganya maji. Tafiti zilizotolewa tangu mwaka 2003 zimeonyesha kwamba kadiri maji ya juu yanavyozidi joto, ndivyo yanavyochanganyika kidogo na yale ya chini, na chakula cha samaki kikapungua. Mvuvi na mchakataji wa dagaa hawakusababisha joto hilo, lakini wao ndio wanaolipa gharama yake, na elimu yoyote tunayowapelekea inapaswa kuanza kwa kulitambua hilo.

Sasa tutazame fedha inapopotelea, maana mahali pa kwanza pa kuweka akiba ni pale inapomwagika. Karibu robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi ni maji, hivyo kilo 4 za wabichi hutoa kilo 1 hivi ya wakavu. Mama anayenunua kilo 40 alfajiri anategemea kilo 10 jioni, iwapo jua litawaka. Anayeanika juu ya mchanga anachukua hatari tatu kwa pamoja: ardhi inashika unyevu na dagaa wanakauka upande mmoja, mchanga unaingia mwilini mwa samaki na mnunuzi anashusha bei, na mvua ikinyesha ghafla hakuna muda wa kuwazoa. Nimewahi kusimama mwaloni asubuhi moja ya mwezi Machi, wingu likatanda kutoka upande wa milima ya Kongo, na kwa dakika chache kina mama walikuwa wamepiga magoti, wakizoa kwa mifagio na kutia katika makarai, watoto wakishika ncha za turubai. Wale waliokuwa na vichanja walikunja tu nyavu zao zenye dagaa juu, wakafunika, wakaenda kuwasaidia wenzao. Dagaa waliobaki mchangani siku hiyo waliishia kuuzwa kama chakula cha kuku, kwa bei isiyorudisha hata mtaji.

Kichanja ni kitu rahisi: nguzo, fito, na wavu uliotandikwa kwa urefu unaofika kiunoni, hewa ikapita juu na chini. Jua likiwa kali, dagaa waliotandazwa vizuri juu yake hukauka ndani ya siku moja. Ni kazi ambayo vijana wawili wenye panga na misumari wanaweza kuifanya na kulipwa, na ni mahali pazuri pa kupeleka mkopo wa kwanza wa kikundi kabla ya kufikiria kuongeza mtaji wa kununulia dagaa. Kuongeza mtaji wakati bidhaa bado inaanikwa mchangani ni kuongeza ukubwa wa hasara ya siku ya mvua.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye sanduku la akiba la kikundi. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa unaotumika vijijini kwetu, wenye hisa, kufuli tatu na wenye funguo watatu tofauti, unatokana kwa sehemu kubwa na vikundi vya kina mama vya Maradi, nchini Niger, vilivyoanza mwaka 1991. Umeenea kwa sababu hauhitaji fedha kutoka nje: wanachama hununua hisa, hukopeshana wenyewe kwa wenyewe, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na mwisho wa mzunguko huvunja kikundi na kugawana kwa kadiri ya hisa. Hapa Tanzania vikundi vya aina hii vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 katika daraja la nne, na husajiliwa kupitia halmashauri.

Tatizo ninaloliona kwenye mialo ni kalenda. Vikundi vingi hukutana kila wiki na kuvunja mwezi Desemba, kwa sababu ndivyo vilivyofundishwa na watu kama mimi. Mwanachama anayetakiwa kuleta hisa katika wiki ya mbalamwezi hukopa kwa jirani ili asitozwe faini, na hapo akiba imegeuka kuwa deni. Mama mmoja wa Katonga alinionyesha daftari lake la hesabu, lenye duara dogo lililochorwa kando ya kila ukurasa, jeusi kwa siku za giza na tupu kwa siku za mbalamwezi. Mauzo yake yote yalikuwa kwenye kurasa za duara jeusi, na faini zake zote za kikundi zilikuwa kwenye kurasa za duara tupu. Nilijifunza zaidi katika daftari lile kuliko katika miongozo mingi niliyoisoma. Ninashauri vikundi vya mwaloni vikutane wakati wa giza, marejesho yapangwe kwa giza, na mzunguko uvunjwe katika wiki ya kwanza ya Mei, ili fedha iingie nyumbani wakati ziwa linafungwa. Najua pingamizi lake, kwamba Januari kuna mahitaji ya shule, na ni pingamizi la kweli. Lakini linaweza kujibiwa kwa kuwa na mfuko mdogo wa pili wa shule, wenye daftari lake, unaofunguliwa mwishoni mwa Desemba.

Hoja hiyohiyo inahusu mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na katika kipindi hicho vikundi vilivyokuwa vimeundwa kwa ajili ya mkopo tu vilisambaratika, huku vile vyenye sanduku lao vikiendelea kukutana. Kikundi kinachoomba mkopo huu kiandike wazi katika andiko lake ni miezi gani wanachama hawana mapato, na kimwombe afisa maendeleo ya jamii azingatie hilo katika ratiba ya marejesho. Ni maelezo ya kweli kuhusu biashara, na mkopeshaji makini atayapokea hivyo.

Familia nyingi za Kigoma zina mguu wa pili nchi kavu, nao ni mchikichi. Mise, kokwa zinazobaki baada ya kukamua mawese, zikihifadhiwa pakavu haziozi haraka kama samaki; zinaweza kusubiri hadi mbalamwezi au hadi ziwa lifungwe, kisha zikapasuliwa na kukamuliwa mafuta ya kupikia na ya sabuni. Kazi inayosubiri ina thamani kubwa kwa mtu ambaye kazi yake nyingine haisubiri hata saa moja. Miche bora ya aina ya Tenera, inayozalishwa Kihinga, katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), huzaa tunda lenye nyama nyingi na gamba jembamba kuliko lile la Dura, aina ya kienyeji. Hata hivyo mti huu huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa, na hapo ndipo kina mama na vijana wanapokwama, kwani mwenye kulima shamba la kukodi hawezi kupanda mti wa miaka mingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kikundi kinaweza kuomba ardhi kwa serikali ya kijiji, na mke anaweza kudai jina lake liandikwe katika hati ya hakimiliki ya kimila pamoja na la mume wake. Hatua hiyo itangulie ununuzi wa miche.

Kwa vijana wanaofanya kazi kwenye mitumbwi, ambao hulipwa kwa mgao baada ya kutoa mafuta na chakula, ninasisitiza jambo moja tu: mgao wa siku uwekwe kabla ya kufika nyumbani, kwa kuwa fedha inayolala mfukoni mwaloni haifiki asubuhi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme familia inahitaji shilingi 150,000 kwa mwezi kwa chakula na mahitaji ya lazima. Miezi mitatu ya kufungwa kwa ziwa ni shilingi 450,000. Kikundi kinachoanza tarehe 15 Agosti, siku ziwa linapofunguliwa, kina giza 9 mbele yake kabla ya tarehe 15 Mei. Hizo ni shilingi 50,000 kwa kila giza, na kwa siku 20 za kazi ni shilingi 2,500 kwa siku, zinazowekwa sandukuni kabla dagaa wa kesho hawajanunuliwa.