Kubeba Bastola Waziwazi na Kubeba kwa Kificho: Maana Yake Nchini Marekani

Katika sheria za Marekani, kubeba bastola waziwazi ni kutembea nayo hadharani huku kila mpita njia akiweza kuiona, kwa kawaida ikiwa ndani ya ala iliyoshikizwa kwenye mkanda, nje ya nguo. Kubeba kwa kificho ni kuwa nayo mwilini au ndani ya kitu ulichoshika, chini ya shati, ndani ya koti, kwenye kifundo cha mguu au mkobani, hivi kwamba mtu wa kawaida akikutazama hatajua kama unayo. Bastola yaweza kuwa ileile, mtu yuleyule, na nia ileile ya kujilinda. Tofauti iko kwenye jicho la mwingine tu. Hata hivyo, tofauti hiyo inatosha kufanya kitendo kiwe halali katika jimbo moja na jinai katika jimbo la jirani.

Yeyote anayefuatilia habari za huko hana budi kushika jambo moja mapema: hakuna sheria moja ya Marekani nzima inayosema nani abebe bastola njiani na aibebe vipi. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba, lakini kanuni zenyewe hutungwa na majimbo, na mengine huyaachia majiji sehemu ya uamuzi. Jimbo la Colorado, kwa mfano, huruhusu bastola kubebwa waziwazi, ilhali jiji la Denver lililo ndani ya jimbo hilohilo linakataza.

Historia ya jambo hili imepinduka kwa namna inayoshangaza. Katika karne ya 19, bastola iliyofichwa ndiyo iliyotiliwa shaka. Mawazo ya wakati ule yalikuwa kwamba mtu mwema hana sababu ya kuficha silaha yake. Anayeificha ni mwizi, mcheza kamari au mtu anayenuia kumvamia mwenzake ghafla. Kentucky na Louisiana zilitunga sheria dhidi ya silaha za kificho mwaka 1813, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1850 Mahakama ya Juu ya Louisiana, katika kesi ya Chandler, ilisema bayana kwamba jimbo linaweza kukataza kuficha silaha kwa sababu Katiba inalinda kuibeba waziwazi. Kuonyesha silaha kulihesabiwa kuwa uungwana, kwani adui wako alijua anakabiliana na nini.

Leo, katika sehemu kubwa ya nchi hiyo, hisia za watu zimegeuka. Bastola inayoonekana kiunoni mwa raia dukani ndiyo inayowashtua watu na kufanya simu zipigwe polisi, na ile iliyofichwa haimsumbui mtu kwa kuwa haijulikani ipo. Sheria za baadhi ya majimbo nazo zimeufuata mgeuko huo. New York na Illinois hutoa leseni ya kubeba kwa kificho na kukataza kubeba waziwazi. Texas ilianza kutoa leseni za kificho kwa sheria ya mwaka 1995, lakini aliyekuwa na leseni hiyo hakuruhusiwa kuacha bastola yake ionekane mpaka Januari 1, 2016. Huko California, sheria ya mwaka 1967 iliyosainiwa na gavana Ronald Reagan ilipiga marufuku kubeba hadharani silaha yenye risasi. Ilisukumwa na jambo lililokuwa wazi kwa kila mtu: wanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, walikuwa wakizunguka mitaa ya Oakland na silaha mikononi wakiwafuatilia polisi, na mwezi Mei mwaka huohuo wakaingia nazo kwenye jengo la bunge la jimbo mjini Sacramento. Kwa maoni yangu, mfano huo unafundisha mengi kuliko hoja yoyote ya kinadharia, kwa kuwa silaha inayoonekana ni ujumbe, na jamii huupokea kulingana na inavyomtazama aliyeibeba.

Ruhusa za kubeba kwa kificho ziko za aina tatu. Zamani majimbo kadhaa yalimpa ofisa uhuru wa kuamua, na mwombaji alipaswa kuthibitisha kwamba ana sababu ya pekee ya kuhitaji ulinzi. Katika aina ya pili, ofisa analazimika kutoa leseni kwa kila aliyetimiza masharti yaliyoandikwa, kama vile umri, rekodi safi ya jinai na mara nyingi mafunzo. Florida iliingia katika utaratibu huo mwaka 1987 na ikawa kielelezo kwa majimbo mengi. Aina ya tatu haihitaji leseni kabisa. Vermont haijawahi kuidai, Alaska iliiondoa mwaka 2003, Arizona mwaka 2010, na kufikia mwaka 2024 majimbo zaidi ya nusu ya yote 50 yalikuwa humo.

Aina ya kwanza ilikomeshwa Juni 2022. Katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba New York haiwezi kumtaka raia mwema athibitishe mahitaji ya pekee ndipo aruhusiwe kutembea na bastola. Kesi ya Heller ya mwaka 2008 ilikuwa imelinda bastola ya nyumbani, na Bruen ikaitoa haki hiyo nje ya mlango. Tukirudi kwenye mada yetu, uamuzi huo ulikumbusha kwamba kihistoria majimbo yaliweza kuzuia ubebaji wa kificho ilimradi yaliacha nafasi ya kubeba waziwazi. Kwa hiyo swali la ni njia ipi kati ya hizi mbili jimbo linaweza kuifunga bado linapiganiwa mahakamani.

Sasa kuhusu kujilinda kwenyewe. Wanaotetea kubeba waziwazi husema mhalifu akiiona bastola ataghairi kabla hajaanza, na kwamba ni rahisi kuichomoa kwa haraka kwa kuwa hakuna nguo inayozuia. Hoja ya pili ni ya kweli kabisa. Shati linaweza kunasa kwenye mpini, zipu inaweza kukataa, na bastola ya mkobani huondoka na mkoba ukiporwa. Hoja ya kwanza siiamini sana. Bastola inayoonekana inaweza kumfukuza mwizi, lakini pia inamwonyesha mvamizi aliyekwisha kudhamiria ni nani wa kumshambulia kwanza, na inampa yeyote aliye nyuma yako kitu cha kunyakua. Hii ndiyo sababu polisi wenye sare, ambao hubeba waziwazi kila siku, hutumia ala zenye kufuli au kibanio ambacho ni lazima kifunguliwe kwa kidole kabla bastola haijatoka, na hufunzwa namna ya kuilinda isiporwe. Raia anayeivaa nje kwenye ala laini isiyo na kibanio hana kinga hiyo.

Anayeficha ana kazi zake pia. Ni lazima avae nguo zinazokubali kuficha, achague bastola ndogo au nyembamba, na ajihadhari umbo lake lisijichore kwenye nguo anapoinama. Iwapo kuonekana kwa bahati mbaya ni kosa au si kosa inategemea jimbo. Florida, kwa mfano, ilibadilisha sheria yake mwaka 2011 ili mwenye leseni asishtakiwe kwa sababu tu bastola ilionekana kwa muda mfupi, mradi hakuionyesha kwa hasira au kwa kutisha.

Hapo ndipo penye mpaka ambao watu wengi hawauoni. Kubeba waziwazi si kuonyesha bastola kwa kutishia. Ikikaa kwenye ala, hata kama kila mtu anaiona, huko ni kubeba. Ukiichomoa, au ukiinua shati wakati wa ugomvi ili mwenzako aione, umeingia kwenye kosa lingine kabisa, na ruhusa ya kubeba haikusaidii. Kadhalika, ruhusa ya kubeba si ruhusa ya kupiga risasi. Lini mtu anaweza kutumia nguvu ya kuua ni swali la sheria za kujitetea, na hizo zina masharti yake: hatari iwe ya papo hapo, hofu iwe ya msingi, na katika baadhi ya majimbo ni lazima urudi nyuma kwanza kama unaweza kufanya hivyo kwa usalama.

Mahali napo ni muhimu. Majengo ya serikali ya shirikisho, zikiwemo ofisi za posta, hayaruhusu silaha, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inazuia silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, ikiwaachia wenye leseni ya jimbo husika. Kwa sababu hiyo wapo wanaochukua leseni hata katika jimbo lisiloidai. Wenye biashara nao wana kauli. Texas ina matangazo mawili tofauti ya mlangoni, moja la kuzuia bastola za kificho na jingine la kuzuia zinazoonekana, na baadhi ya maduka hubandika la pili peke yake. Walmart ilifanya jambo linalofanana mwaka 2019, baada ya mauaji katika duka lake la El Paso: iliwaomba wateja wasiingie na silaha zinazoonekana, bila kuwagusa wenye leseni za kificho.

Mgumu zaidi ni mkutano na polisi. Michigan humtaka mbebaji wa kificho amwambie askari mara tu anaposimamishwa kwamba ana bastola, ilhali majimbo mengine humtaka aseme akiulizwa. Kusema si kinga kamili. Julai 2016, huko Minnesota, dereva mwenye leseni alimwarifu askari kwamba ana silaha, na muda mfupi baadaye akapigwa risasi na kufa. Askari huyo alishtakiwa, kisha mwaka 2017 baraza la raia waamuzi (juri) likamwona hana hatia.

Ukitoka jimbo moja kwenda jingine, kila kitu huanza upya. Leseni ya nyumbani hutambuliwa pale tu jimbo unaloingia linapokubali kuitambua. Indiana haidai leseni tangu Julai 2022, lakini jirani yake Illinois haitambui leseni za nje. Mkazi wa Indiana anayeruhusiwa kubeba kwao anaweza kuvuka mpaka na bastola iliyofichwa garini, ila akishuka Chicago ni lazima aiache imefungiwa humo.