Fono ya mbwa: usiangalie tarumbeta, pindua sanduku

Karibu kila wiki mutu ananitumia picha ku WhatsApp, tarumbeta kubwa ya shaba inang'aa kama jua ya saa sita, kasanduku chini yake, na alama ya mbwa anasikiliza. "Papa, ni fono (gramafoni, mashini ya zamani ya kupiga diski) ya nkambo wangu, ya 1905, utanipa ngapi?" Ile tarumbeta mimi siiangalie hata. Namwambia pindua sanduku, piga picha ya chini na ya nyuma, kisha tuongee feza.

Njo pale uongo unatokaka. Vise za kichwa cha musalaba zilianza kuingia ku viwanda ku miaka ya 1930, sasa mashini ya 1905 yenye iko nazo kila kona ilizipata wapi? Ao mutu aliifungua akaitengeneza nyuma, ao haijakuwa ya 1905 hata siku moja. Fono za vile mingi zinatoka India, wanatwaa motere ya fono ingine ya zamani, wanaifungia ndani ya kasanduku kapya, wanabandika ile alama ya mbwa, ya kampuni His Master's Voice (HMV), basi. Mbao nyepesi, tarumbeta imeungwa ovyo ovyo, verni bado inanuka. Mimi pia walinila, wakati nilikuwa naanza hii kazi nilitoa dola 180 ku soko moja, leo bibi yangu anawekaka maua ndani ya ile tarumbeta na kila mugeni anaisifu, mi nanyamaza tu.

Ya kweli, hapa kwetu Lubumbashi, mara mingi haina tarumbeta ya kuonekana. Mama mmoja wa Kamalondo aliniletea valise nyeusi, alikuwa anachungia ndani nyuzi na vifungo. Nafungua, naona ku kona kasahani ka sindano kenye kanazunguka, mkono wa sauti umepinda kama shingo ya bata, na ku kichwa cha sauti, pale sindano inaingia, kumeandikwa 5A. HMV 102! Hizi zilianza kutoka 1931, wakaendelea kuzitengeneza mpaka miaka ya 1950, tarumbeta iko imefichwa ndani ya valise yenyewe. Ni mashini ya wakati wa diski za 78, zenye zinazunguka mara 78 kwa dakika, wakati kampuni ya diski Ngoma ilianza kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, mu 1948, wakati Hugh Tracey, mwenye alikuwa anarekodi miziki ya Afrika, alirekodi mupiga gitaa Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, Likasi ya leo, mu 1952, na kampuni Gallotone ya Afrika Kusini ikauzisha zile diski.

Kupima thamani yake naanzaka na manivela, kale kachuma ka kuzungushia. Unazungusha polepole, ikiruka ao ikilia "ko!" ndani, resori (springi yenye inaendesha motere) imevunjika ao imeachia, na tafadhali usifungue ile kopo ya resori wewe mwenyewe, itakukata vidole. Kisha naweka kakaratasi pembeni ya diski na nahesabu mizunguko dakika moja na saa ya telefone: kama ni 78 na haichoki mbele wimbo uishe, motere ni muzima. Sauti ikiwa inatetemeka kama nyuki ndani ya chupa, mara mingi ni kauchu ya kichwa cha sauti tu, imekauka, hiyo dawa iko. Chuma cha zinki chenye kimevimba na kupasuka, hapo hakuna dawa, na bei inaanguka sana.

Rangi pia inaongea. Nyeusi ni mingi, nyekundu na kijani zinatafutwa zaidi. Lakini usipake rangi mupya, usisugue alama ya ndani ya kifuniko mpaka ifutike, kuna watu wanaharibu nusu ya bei na kitambaa na mafuta, kwa sababu walitaka kunipendezea! Na usiweke diski ya plastiki ya mizunguko 33, ile mkono ni muzito, sindano ya chuma itailima kama jembe. Ya 78 sawa, lakini sindano moja ni ya upande moja, unatupa.

Ile ya mama motere ilikuwa nzuri, manivela iko, kauchu imekufa, kifuniko kimekwaruzwa na makasi. Nikamwambia dola 120. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama ni pamoja na nyuzi.