Asilimia ya utayari haikwambii karakana inafanya kazi kiasi gani

Mimi napanga matengenezo ya injini za boti hapa Igogo, Mwanza, na kila mwezi bosi anataka namba moja ya kumwonyesha mafundi wamepiga kazi kiasi gani. Swali hilo majeshi yamelihangaikia muda mrefu kuliko sisi, sababu karakana ya jeshi haiuzi kitu, hamna mauzo ya kugawanya kwa saa za mafundi, kwa hiyo wengi wanakimbilia asilimia ya utayari. Ndege 20, zinazoweza kuruka 15, andika 75%, basi.

Shida yake namba hiyo unaipandisha bila kushika spana, paki ndege tu.

Mwaka 1942 Cecil Gordon, mtu wa baiolojia kabisa, aliliona hili kule Coastal Command, kamandi ya jeshi la anga la Uingereza iliyokuwa inawinda nyambizi za Wajerumani. Wakubwa walitaka ndege nyingi ziwe tayari muda wote, yeye akauliza, kama ziko tayari na hali ya hewa inaruhusu mbona ziko chini? Pimeni saa za kuruka mnazopata kwa jasho la mafundi, rusheni mpaka karakana ijae. Utayari ushuke, sawa, doria zinaongezeka na ndicho walichokuwa wanakitafuta! Tena ikaonekana hitilafu zinajazana mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50, yaani ukaguzi wenyewe ulikuwa unavuruga vitu vizima.

Mtego mwingine ni kuchomoa spea. Boti imekufa pampu ya dizeli, stoo hamna, fundi anaifungua ya injini iliyolala, anafunga, boti inaenda Ukerewe, pampu mpya ikija anaifunga kwenye ile iliyolala. Hitilafu moja, kazi mara mbili, na kwenye karatasi fundi anaonekana kachapa kazi kweli. Jeshi la Anga la Marekani wanaihesabu peke yake hii, kwa kila safari 100 za ndege, na wako sahihi kabisa.

2018 waziri wao wa ulinzi Jim Mattis aliagiza utayari wa 80% kwa ndege kadhaa za kivita, F-22 na F-35 hazikufika, na kwa F-35 uhaba wa spea ulichangia. Fundi hafungi spea ambayo haipo.

Kwa hiyo mimi napeleka saa boti zilizotembea, saa za mafundi, na saa za kusubiri spea kwenye safu yake, ikivimba hiyo bosi aongee na watu wa manunuzi awaache mafundi wangu.